Siku Tulipompigia Mwape Makofi

Juzi mwanangu alirudi kutoka kuogelea na wenzake wa shule, akanitupia taulo yake mbichi mapajani, akakimbilia jikoni kutafuta chakula. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharagwe. Harufu ya ile dawa wanayotia katika maji ya pisini, bwawa la kuogelea, ilipanda kutoka kwenye taulo, kali na ya baridi, na mikono yangu ikasimama yenyewe. Mwanangu aliporudi na mkate mdomoni aliniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu hapana, siumwi. Lakini sikuwa tena barazani pangu. Nilikuwa nimerudi kwenye majuma yale ya joto kabla ya mvua, mimi ni mtoto wa shule mwenye soksi zilizolegea, na Mwape ameketi ubavuni mwangu, ananisimulia ziwa.

Tulisoma katika shule ya masista. Uwanja wake ulikuwa wa udongo mwekundu ambao uliingia katika soksi zetu na haukutoka, hata mama zetu wafue vipi. Kando ya ukuta ilisimama mijakaranda mikubwa. Ninyi mliokua Lubumbashi wakati wangu mnajua ninachosema: baridi ya kiangazi ikishakwenda, joto linakaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, hewa inanuka vumbi na majani yaliyochomwa, watu wanatembea polepole wakitazama mawingu yasiyo na kitu. Halafu asubuhi moja unaingia shuleni na kukuta ardhi yote imekuwa ya zambarau. Maua yameanguka usiku, mengi hata huoni pa kukanyaga.

Mwape alikuja mwanzoni mwa mwaka wa shule, kabla maua hayajaanza kuanguka. Mwalimu alimsimamisha mbele ya ubao, akasema mwenzetu huyu anatoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru, na sasa anakaa mjini kwa shangazi yake. Darasa zima tuligeuza vichwa kutazama ramani iliyotundikwa ukutani. Kule pembeni, juu, kulikuwa na doa la buluu. Ndilo ziwa. Hakuna aliyekuwa amefika. Barabara ya kule ilikuwa mbaya. Tulisikia tu kwamba malori hupita Kasomeno, kisha huendelea siku na siku, na watu wanaoshuka humo wamepakwa vumbi hadi kwenye kope. Kilwa tuliijua kwa samaki wake waliokaushwa, na kwa lile doa. Na mimi, kwa akili yangu ya wakati ule, niliamini kwamba mtu akifika kule atakuta maji yana rangi ileile ya ramani.

Alikuwa msichana mwembamba, mwenye shingo ndefu, asiyefanya haraka. Benchi langu lilikuwa na nafasi, akaletwa kwangu. Aliponiuliza jina nikamwambia Bea, naye akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Siku ileile, wakati wa mapumziko, watoto walimzunguka. Mvulana mmoja wa darasa letu alimwuliza kama anajua kuogelea, kwa kuwa kwao ni ziwani. Mwape alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kisha akainamisha kichwa na kuanza kuchora ardhini kwa kidole cha mguu. Kwetu sisi kicheko kile kilikuwa jibu tosha. Ni kama tulimwuliza ndege kama anajua kuruka. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, shule nzima ilijua kwamba mtoto wa Kilwa anaogelea kama samaki. Baada ya siku chache ikasemwa kwamba huvuka hadi upande wa Zambia na kurudi bila kupumzika. Mwingine akaongeza kwamba hulala juu ya maji. Mwape mwenyewe hakuwahi kusema neno hata moja katika hayo, na hakuna aliyeona kwamba hakusema.

Alichosema kilikuwa kingine. Maua yalipoanza kuanguka, alikusanya rundo kubwa chini ya mti wa mwisho, akalala juu yake chali na sare yake safi, mikono ameitandaza. Nikalala karibu naye. Akaanza kunieleza jinsi asubuhi ilivyo kwao, jinsi ukungu unavyokaa juu ya ziwa mpaka huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi, na mitumbwi inatokea ndani ya ukungu ule kama inashuka kutoka juu. Kuna ndege weusi, alisema, wanaokausha mabawa kwenye nguzo, wakiwa wamesimama kama mapadri wanaobariki. Kuna wakati wa jioni ambapo taa za wavuvi hushuka majini moja moja. Siku zote alisema “tulikuwa”. Tulikuwa tunakwenda kuwapokea wavuvi. Tulikuwa tunaokota konokono. Tulikuwa tunahesabu taa tukishindwa tunaanza tena. Nilidhani anasema watoto wa Kilwa wote.

Mchezo wetu ulienea. Kila mapumziko wasichana, na baadaye hata wavulana walioacha mpira wao wa mifuko, walikuja kulala kwenye maua. Tuliuita “ziwa”. Ulikuwa unafumba macho, Mwape anaongea, nawe unapiga mikono taratibu katika yale maua laini, na kwa muda mfupi, naapa, nilihisi ardhi ikitikisika chini ya mgongo wangu kama inanibeba. Kengele ikilia tuliinuka na maua kwenye nywele na mgongo umechorwa zambarau. Masista walilalamika, mama zetu walilalamika. Sisi hatukuacha.

Mtoto mmoja tu hakuja. Jina lake lilikuwa Clarisse. Alikaa Golf, mtaa wa matajiri, kwenye majumba yenye kuta ndefu, na alikuwa katika shule yetu kwa sababu baba yake alisomea palepale na hakutaka kusikia shule nyingine. Gari lilimleta asubuhi na kumchukua mchana. Soksi zake hazikuwa nyekundu. Hakununua vitumbula kwa mama wa getini kama sisi. Alikuwa na kikopo chake chenye mkate uliokatwa pembe. Wakati wa mchezo alikuja na kusimama karibu, mgongo kwenye mti, na kila aliposimama sote tulinyamaza. Tulijua ananyamaza kwa kutudharau, kwa hiyo nasi tukanyamaza. Baada ya muda aliondoka. Tulisema anajisikia. Tulisema mtoto wa Golf hawezi kulala chini kwenye udongo, ataogopa kuchafua nguo. Kisha tukafumba macho tena.

Kwa hiyo tulishangaa sana mwalimu alipotangaza kwamba sikukuu ya kuzaliwa ya Clarisse imekaribia na mama yake anatualika darasa zima nyumbani kwao. Mwalimu akasema kuna pisini. Palepale vichwa vyote vikageukia benchi langu, vikamtazama Mwape. Mwape alikuwa akitazama ramani.

Nyumbani kwetu habari hiyo iliingia kama mgeni wa heshima. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga. Babu yangu aliletwa na kazi ya reli, akabaki, na familia yetu tangu hapo haikuwahi kuwa na rafiki Golf. Mama alinishonea gauni kutoka kikwembe, kitenge kipya ambacho alikuwa amekiweka kwa ajili ya Pasaka. Huku akinipima mabega alinipa mashauri yake.

“Usikule sawa muntu mwenye hakulake kwabo,” aliniambia, yaani nisile kama mtu asiyekula nyumbani. “Na usikae fasi hawajakuonyesha. Bale bantu hawakaake na siye.”

Nikaenda na hofu ya kukaa. Tuliingia getini tukiwa kundi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni majani mabichi, mabichi kweli, mwishoni mwa kiangazi, wakati kwetu hata nyasi zilikuwa zimebaki rangi ya mkate. Nyumba ilikuwa nyuma, nyeupe, na mbele yake pisini. Sikuwa nimewahi kuona maji ya rangi ile. Nilisimama. Yalikuwa doa lenyewe la kwenye ramani, limeshushwa ukutani na kulazwa chini. Nikamshika Mwape mkono kwa furaha, nikafikiri: leo rafiki yangu amefika kwao. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Watu wazima walikuwa ndani na kando ya nyumba, wakiangalia nyama na kupanga sahani. Clarisse alikuwa amevaa gauni la manjano na viatu vyenye kamba, anatembeza sinia ya vinywaji bila kutabasamu. Watoto waliokuja na nguo za kuogelea, na wale waliovua tu na kubaki na kaptula, waliingia upande ambapo maji yalifika magotini. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Tulirushiana maji, tukashikilia ukingo, tukapiga kelele. Halafu yule mvulana wa siku ya kwanza akamwita Mwape.

“Mwape, tuonyeshe,” alisema, akinyosha kidole upande wa maji ya kina. “Apa iko kwa babebe. Enda kule kwa murefu.”

Wengine wakalishika neno lile. Tuonyeshe, tuonyeshe. Njia ikafunguka pembeni mwa pisini, watoto wakarudi nyuma kumpisha, kama wanavyompisha padri katikati ya kanisa. Mwape alinitazama. Nimelitafsiri lile jicho lake mara nyingi tangu wakati ule, lakini siku ile nililisoma hivi: niliona malkia anayeombwa kuoga kwenye beseni. Niliona ameona haya kwa niaba yetu, kwa sababu maji yetu ni madogo, naye hataki kutuambia. Nikamtabasamia, kumwonyesha kwamba mimi ninaelewa.

Akatembea hadi upande wa mwisho, palipo na rangi nzito. Hakukimbia, hakujitupa. Alipiga hatua moja kutoka ukingoni, kama mtu anayeshuka kwenye lori, akatoweka.

Tulipiga makofi.

Maji yalifunga juu yake, yakatulia, na sisi tukapiga makofi. Akatokea, uso ukitazama juu, kinywa wazi, mikono ikifanya vitu vidogo vidogo kama mtu anayepanda ngazi tusiyoiona. Hakutoa sauti yoyote. Tukapiga makofi zaidi. Akashuka tena. Mtoto mmoja alisema, mmeona, anakaa chini bila kupumua, na kuna aliyeanza kuimba jina lake, na jina likashikwa na kila mtu, Mwape, Mwape, likapigwa na viganja vilivyolowa. Nakumbuka jua lilivyovunjikavunjika juu ya maji. Nakumbuka nilifikiri ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, na kwamba ni rafiki yangu mimi.

Clarisse hakupiga makofi. Aliiweka sinia mezani, nikamsikia, kwa kuwa nilikuwa karibu, akisema kwa sauti ya kawaida, kama anayejisemea:

“Hachezi. Iko nazama.”

Kisha akakimbia. Yule mtoto asiyechafua nguo alikimbia na gauni lake la manjano na viatu vyake vya kamba, akaruka, akapasua maji kichwa mbele bila kumrushia mtu tone. Makofi yalikatika moja moja. Kwa muda tuliona tu kitu cha manjano kikitembea chini, kipana kama ua. Halafu vichwa viwili vikatokea, Clarisse amemshika Mwape chini ya kidevu kutoka nyuma, anapiga miguu kuelekea ukingoni, anamsemesha polepole wakati wote. Tuliwavuta juu. Mwape alitapika maji kwenye vigae, akakohoa, akavuta pumzi yenye mlio kama mlango mbovu. Ndipo kilio chetu kikaanza, na watu wazima wakaja.

Mama yake Clarisse alitoka ndani mbio, bila viatu. Alikuwa mama mrembo, nywele zimesukwa kwa kazi ya siku nzima, na mimi nilijibana nikingoja atufukuze. Akakaa chini. Alikaa palepale kwenye vigae vyenye maji na matapishi, akafungua kikwembe kilichokuwa juu ya nguo yake, akamfunga Mwape ndani yake kama mtoto mchanga, akamweka kifuani na kuanza kumtikisa. Alikuwa akimwimbia Kibemba. Wimbo mdogo tu, wa kumbembelezea mtoto, na Mwape, ambaye hakulia alipokuwa akizama, wala alipotapika, alisikia lugha ile ya kwao na kulia mpaka mwili wote ukatetemeka. Clarisse alisimama kando, gauni limemganda miguuni, kiatu kimoja hakipo. Hakuna aliyemsogelea. Hatukujua namna ya kumsogelea.

Tulirudishwa kwa gari, Mwape na mimi, kwa kuwa shangazi yake alikaa karibu na kwetu. Ndani ya gari harufu ya ile dawa ilitoka kwenye nywele zake ikajaa. Hakunitazama njia nzima.

Kesho yake hakuja shuleni, wala siku zilizofuata. Maua yalianguka juu ya maua, na hakuna aliyelala juu yake. Watoto wachache walianza kusema mtoto wa ziwa amezama kwenye beseni, kwamba alitudanganya, kwamba labda hata Kilwa hatoki. Nilijaribu kukumbuka uongo wake ili nami nikasirike. Nilitafuta sana. Sikuupata hata mmoja. Nilikuta kicheko tu, kile cha siku ya kwanza, na kila kitu kingine tulikijenga wenyewe juu yake.

Nikaenda kwao. Shangazi yake tuliyemwita Tantine Rozi alikuwa mwuza samaki, mama mnene wa maneno machache, na lupango yake, ua wa nyumba yake, ilinuka moshi na chumvi kuanzia njiani. Alikuwa akipanga samaki kwenye kitambaa cha plastiki. Aliniambia Mwape amelala, hataki kutoka. Nikamwuliza, maana sikuweza kuvumilia tena, kwa nini mtoto wa Kilwa hajui kuogelea. Tantine hakuinua macho. Aliendelea kupanga samaki kwa muda, akihakikisha vichwa vyote vinatazama upande mmoja.

“Mwape hajaingiaka mu mayi,” alisema mwishowe. “Hata mu magoti. Mukubwa wake, Chanda, mayi ilimubeba. Balikuwa bote babili. Njo maana mamake alimutuma kwangu, asione tena ile ziwa kila asubuyi.”

Kisha akanieleza kwa sauti ileile. Chanda alikuwa mkubwa kidogo tu kuliko Mwape. Walikwenda pamoja kuwapokea wavuvi kama walivyofanya kila mara. Chanda aliingia kusaidia kuvuta mtumbwi, upepo ukageuka. Mwape alikuwa amesimama nchi kavu, ameshika viatu vya dada yake. Tangu siku ile mama yao alimkataza hata kuteka maji.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Tulikuwa tunaokota konokono. Tulikuwa tunahesabu taa. Kumbe “tulikuwa” ile ilikuwa watu wawili. Majuma yote yale, tumelala kwenye maua na macho tumefumba, sisi tulidhani anatupeleka ziwani kutembea, naye alikuwa anakwenda kule kila siku kukaa na Chanda kabla ya upepo kugeuka. Sikuweza kuliweka hivyo wakati ule.

Jumapili baada ya misa, gari la Golf lilikuja kusimama kwenye mtaa wetu. Watu walitoka kwenye malango. Mama yake Clarisse alishuka na kikapu, Clarisse nyuma yake, wakauliza kwa Tantine Rozi, na mimi nikawaongoza. Mama yangu alipoona, aliingia ndani haraka akatoka na kiti chetu kizuri, kile cha wageni, akakibeba kichwani hadi kwa Tantine ili asiaibike mbele ya watu wakubwa. Alipofika, mgeni alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, magoti juu, amemshika Tantine mkono, na wote wawili wanaongea Kibemba kama watu waliochota maji kisima kimoja. Kumbe mgeni alikuwa mtoto wa Kasenga, kwenye mto unaomwaga maji katika ziwa lao. Mama alisimama na kile kiti kichwani kwa muda, kisha akakishusha na kukikalia mwenyewe.

Mgeni aliomba radhi kwanza. Alisema mtoto alizama nyumbani kwake, ni juu yake. Halafu akasema Clarisse ana ombi, lakini Clarisse aliona haya, akaficha uso nyuma ya bega la mama yake, ikabidi mama amsemee: binti yangu anaomba amfundishe Mwape kuelea. Tantine akakataa kabla neno halijamalizika. Akasema asante kwa kumwokoa mtoto, Mungu awabariki, lakini maji basi.

Mwape alikuwa ametokea mlangoni. Sikujua amesimama pale tangu lini. Alikuwa amekonda.

“Nitaenda, Tantine,” alisema.

“Na mamako, nitamuambia nini?”

“Ziwa haitatoka pale,” alisema Mwape. “Siku moya nitarudia kwetu. Sitaki kuogopa fasi Chanda iko.”

Tantine aliinuka, akaingia ndani, tukasikia anapenga kamasi. Aliporudi alikuwa ameshika samaki mkubwa kuliko wote, amemfunga kwenye karatasi, akamweka kwenye kikapu cha mgeni. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Basi kila Jumamosi mchana tulikuwa tunakwenda kwa Clarisse, Mwape na mimi. Mara za kwanza hakuingia. Alikaa ukingoni na miguu yake imekunjwa chini ya gauni, na Clarisse akakaa karibu naye na miguu yake ndani ya maji, na mimi upande wa pili. Clarisse hakumhimiza. Alituambia mambo yake, kidogo kidogo, kama mtu asiyezoea kusikilizwa. Katika nyumba ile kubwa hakukuwa na mtoto mwingine. Alijifunza kuogelea kwa sababu maji, alisema, ndiyo kitu pekee kilichomjibu akikigusa. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuja kucheza ziwa pamoja nasi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Nilikuya,” alisema. “Nikifika, munanyamaza. Nilijua hamunitaki.”

Mwape alicheka, kicheko kirefu tusichowahi kukisikia, nami nikacheka, na Clarisse, baada ya kututazama mmoja mmoja kuona kama tunamcheka, akacheka pia. Halafu akamwomba Mwape amsimulie. Alitaka yote, tangu mwanzo, maana kule chini ya mti alisikia vipandevipande. Mwape akasimulia ukungu na ndege na taa. Na mara hii, badala ya kusema “tulikuwa”, alisema “Chanda na miye”.

Majuma yakapita hivyo. Miguu iliingia, kisha magoti. Siku alipoingia mpaka kifuani alimshika Clarisse shingo kwa nguvu hata akamwachia alama za kucha. Joto lilikuwa limezidi, mawingu ya kweli yalianza kujikusanya juu ya mji, na kila mtu alisubiri. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kuelea, bila sifa, kwa sababu hakuna aliyengoja chochote kutoka kwangu.

Siku ninayoikumbuka hakukuwa na upepo kabisa. Mama yake Clarisse alikuwa ameketi kwenye majani anachambua lengalenga, jicho lake halituachi. Clarisse alimwambia Mwape alale chali, kama tulivyolala kwenye maua, akaweka mkono wake chini ya mgongo wake. Mwape akalala. Shingo yake ndefu ilikuwa ngumu kama mti. Clarisse akamwambia aache kichwa kishuke, maji yafunike masikio, na mimi nikaona uso wake ukibaki peke yake juu ya maji, mdogo, macho yametazama mbinguni. Alifumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu hata mama yake Clarisse akaacha mboga na kusimama.

“Iko kimya,” Mwape alisema.

Nikamwuliza nini iko kimya, lakini masikio yake yalikuwa ndani ya maji, hakunisikia. Alikuwa haongei nasi.

“Nilizani Chanda alisikia makelele mingi,” alisema. “Kumbe kuko kimya.”

Clarisse alinitazama juu ya maji. Mkono wake ulibaki chini ya mgongo wa Mwape. Aliungoja mwili wa Mwape ulegee, shingo, kisha mabega, kisha vidole, na ulipolegea wote akauondoa mkono taratibu, akaunyanyua ili nami niuone. Mwape hakuzama. Alibaki pale, masikio ndani ya maji, akisikiliza.